Picha Kabla ya Mazungumzo

Mjomba wangu hakuwahi kuingia chumba chochote bila kwanza kufunga kifungo cha koti. Hata ofisi yetu ya chama, ambayo ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la betri na waya, aliiingia hivyo hivyo. Anasimama mlangoni, anafunga kifungo, anatazama kuta zilizobabuka rangi, kisha anasema "Habari za kazi" kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano wa mataifa. Ndani tulikuwa mimi mchapaji, kompyuta ya kizamani, viti vya plastiki vilivyopasuka migongo, na ndoo ya kukingia maji ya paa. Watu walimwita Balozi. Ubalozi wenyewe alikwisha kunyang'anywa zamani, lakini jina lilimganda, naye hakujisumbua kulibandua.

Niseme mapema, nisije nikaonekana namvika kilemba cha ukoka: nilimpenda, na alinitia kinyaa. Nimejaribu kuchagua moja kati ya hayo mawili na nimeshindwa.

Alianza maisha kama mwalimu wa jiografia, akiwaonyesha watoto mito ya nchi ambazo hakutarajia kuziona. Vuguvugu la mapinduzi lilipoanza akaacha chaki na kukimbilia nje na rafiki yake mmoja. Huko uhamishoni waliishi chumba kimoja na walikuwa na koti moja la baridi kwa watu wawili. Aliyekuwa na mkutano siku hiyo ndiye aliyelivaa, na mwenzake alibaki kitandani chini ya blanketi akisoma vijitabu vya siasa. Mapinduzi yaliposhinda, Mjomba alipewa ubalozi kwa sababu alizijua lugha za watu na alikula kwa uma bila kujichoma. Rafiki yake alibaki nyumbani, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa Waziri anayeshika polisi na magereza.

Kazi ya ubalozi, kwa alivyonieleza mwenyewe, ilikuwa tamu mwanzoni. Alisimama kwenye majumba ya watu wakubwa akaeleza jinsi wakulima walivyopewa ardhi na watoto walivyopewa shule, na yote yalikuwa kweli. Baadaye watu walianza kukamatwa nyumbani, na kazi yake ikawa kusema hawakukamatwa. Aliifanya vizuri. Aliniambia siku moja ofisini, bila aibu yoyote, kana kwamba ananifundisha kushona kifungo:

"Mwanangu, ukiulizwa mfungwa fulani yuko wapi, usiseme hujui. Sema suala hilo linashughulikiwa na vyombo husika. Hapo umejibu, na hujajibu."

"Na aliyeuliza?"

"Anaondoka ameshukuru. Watu hupenda kujibiwa."

Aliwahi kumjibu hivyo mwanamke mmoja aliyekwenda ubalozini kumtafuta mumewe. Alimmiminia chai kwa mkono wake, akamsikiliza, akamtolea sentensi yake hiyo, na yule mwanamke akashuka ngazi akisema asante. Mumewe alikuwa amekwisha kuzikwa, na Mjomba alijua. Anasema usiku ule chai ilimkaa kooni na haikushuka. Namwamini, lakini najua pia kwamba alibaki kwenye kiti kile mpaka alipoitwa nyumbani.

Aliporudi ndipo alipofanya jambo ambalo siwezi kumnyima. Kwenye mkutano mkuu wa chama tawala, Mkubwa, yaani rais mwenyewe, akiwa ameketi pale mbele, Mjomba alisimama akasema wananchi waachwe wapige kura na zihesabiwe. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amevuliwa kila kitu, gari, nyumba ya serikali na pasipoti. Akahamia kwa mama yangu, dada yake mdogo, akalala chumba cha uani pamoja na mashine ya kusagia na magunia, akaanzisha chama. Alipigwa virungu mtaani akiwa na tai shingoni, akainuka, akaikaza, akaendelea kutembea. Mimi nilikuwa nyuma yake siku ile. Hapo nilimwona mtu.

Ila ndani ya mtu yule balozi hakufa. Hilo ndilo lililotuponza, na aliyelipa ni mdogo wangu.

Mdogo wangu tulimwita Spika kwa sababu ya kazi yake. Alikodisha vipaza sauti vya harusi, misiba na mikutano, na alivitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Nguo zake zilikuwa na matobo ya risasi ya kulehemia, lakini kila spika ilikuwa na shuka lake la kufunikia. Chama kilipoitisha mkutano sokoni, kilinyimwa kibali, nao wenye magari wote wakaingia mitini. Hakuna aliyetaka kuonekana amebeba vyombo vyetu. Spika akakusanya vijana wanne wa mtaani kwetu, wapagazi wa pale sokoni, wakavibeba vichwani mpaka kwenye vibanda vya mboga. Mjomba alihutubia kwa muda wa kutosha kumtaja Mkubwa, kisha polisi wakamiminika. Vijana wakachanganyika na watu wakapotea. Mdogo wangu alikuwa na njia ya kupita pia, lakini alikataa kuiacha spika kubwa, ile aliyoiunda kwa mkono. Walimkuta ameikumbatia. Hata leo nikilikumbuka hilo nacheka, halafu naona hasira.

Walichotaka kwake kilikuwa kitu kimoja: majina ya waliobeba. Spika zenyewe hazikuwahusu. Walitaka mtaa mzima ujue kwamba hata ukiwabebea wapinzani mzigo utafuatwa nyumbani kwenu.

Mama alianza kwenda kwenye geti la kituo kikuu cha polisi kila asubuhi. Utaratibu wa pale ulikuwa huu: unapeleka shati safi, askari wa dirishani anakurudishia chafu. Hawakuambii kitu, lakini shati chafu lilikuwa habari ya kutosha, maana maiti hachafui nguo. Mama alilifungua lile shati palepale barabarani, akalinusa kwapani, akalikagua kola na mikono. Kulikuwa na jasho, mkojo, siku nyingine damu kidogo kifuani. Alirudi nalo nyumbani amelikumbatia na kulifua mwenyewe, hakuruhusu nimsaidie. Mimi harufu ile ilinichefua mpaka nikawa natoka nje, na nilichochukia si uchafu wa mdogo wangu bali wale waliotufanya tuushukuru.

Wiki ya pili askari aliliangalia shati safi bila kulipokea. "Huyo hatuna," alisema.

"Jana mlikuwa naye," Mama akasema.

"Mama, nimekwambia hatuna. Pisha wengine."

Mama aliporudi hakulia. Aliketi kwenye kiti cha Mjomba, ambacho hakuna aliyekikalia, akamngoja. Mjomba alipoingia, akamwambia, "Kaka, hawa watu unawajua. Umekula nao, umelala nao chumba kimoja. Nenda ukanitolee mtoto."

"Nitakwenda," Mjomba akajibu.

Akapiga simu wizarani, na jibu halikuchelewa. Waziri alisema atafurahi sana, aje wanywe chai. Mimi kukubaliwa haraka hivyo kulinipa wasiwasi. Nilimwambia tuwaite waandishi wa nje, twende nao getini na Mama na shati lake, tusimame pale mpaka waone haya. Mjomba alitikisa kichwa. "Haya unayowatafutia hawana. Lakini mlango wameufungua wenyewe. Kazi yangu maisha yote imekuwa kuingia mlango ukifunguliwa."

Akanichukua niandike yatakayosemwa. Alivaa suti ya kijivu aliyoshonewa na fundi mmoja wa ng'ambo enzi zake, iliyokuwa imeanza kung'aa magotini kwa kupigwa pasi.

Chumba cha wageni cha wizara kilikuwa na zulia jekundu lililonuka ukungu, na juu ya ukungu walipuliza marashi. Ukutani alikuwepo Mkubwa, kijana kuliko alivyo, akitutazama kwa upole. Mezani palikuwa na chai, vikombe vyenye mkanda wa dhahabu, na biskuti zilizopangwa duara. Pembeni alikuwa amesimama mpiga picha wa wizara, kamera tayari kifuani.

Nikamnong'oneza Mjomba, "Huyu wa nini?"

"Picha hupigwa kabla ya mazungumzo," akanijibu kwa utulivu, akiwa bado mwalimu wangu. "Ukingoja mpaka baadaye, mmoja anaweza kutoka amenuna, na uso ulionuna huharibu kazi ya miezi. Kabla ya mazungumzo hakuna aliyemkosea mwenzake."

"Hawa wamekosa tayari, Mjomba."

"Ni utaratibu tu, binti yangu. Duniani kote ndivyo inavyofanyika."

Waziri aliingia na mikono imekunjuliwa. Alikuwa amenenepa mpaka pete imezama kidoleni na nyama imeumuka pande zote mbili. Alimkumbatia Mjomba, akamwita ndugu, kama walivyoitana wakati wa mapinduzi, akambusu mashavu yote mawili na kumwachia unyevu. Mjomba hakujifuta. Mimi nilijifuta shavu langu, na wala sikuguswa.

"Ndugu yangu," Waziri akasema, "lile koti letu unalikumbuka?"

"Nitalisahau vipi?"

"Ile siku umelivaa kwenda kuonana na yule seneta, ukatia mkono mfukoni kutoa hotuba, ukatoa soksi yangu."

Mjomba akacheka. Sisemi alitabasamu. Alirusha kichwa nyuma akacheka mpaka nikaona jino lake la mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa yule mtu, na kamera ikalia. Mpiga picha akasema asante, akatoka. Hakungoja picha ya pili.

Wakaketi. Mjomba akaanza kuzunguka: afya ya familia, mvua, vifo vya wenzao wa zamani. Nilikaa na kalamu hewani nikisubiri jina la mdogo wangu. Lilipokuja lilikuja limefungwa kwenye pamba, "suala dogo la kijana wetu ambalo nina hakika limetokana na kutoelewana." Waziri akaweka kikombe chini polepole.

"Suala hilo," akasema, "linashughulikiwa na vyombo husika."

Nikamgeukia Mjomba. Nilidhani ataruka kitini. Ile ilikuwa sentensi yake, aliipika mwenyewe, alijua ndani yake mna nini. Akainamisha kichwa akasema, "Tunashukuru."

Sikuweza kuvumilia. "Mheshimiwa," nikasema, "shati la mdogo wangu halitoki. Mama ameambiwa hamnaye. Yuko hai?"

Waziri alinitazama kama mtu aliyesikia sahani ikiongea. Mjomba aliweka mkono juu ya mkono wangu. "Msamehe binti," akamwambia, "ana uchungu."

Akaniombea radhi. Mbele ya mtu aliyemficha mtoto wa dada yake, mimi ndiye niliyeombewa radhi. Waziri akakubali kusamehe, akanisukumia biskuti, na kwa ukarimu wake akaahidi kwamba Alhamisi familia itamwona kijana.

Kwenye ngazi Mjomba alitembea mwepesi. "Umeona? Tumepata Alhamisi. Na amekubali kwamba wanaye. Ungepiga kelele getini ungepata nini?" Nilimtangulia nje kutafuta hewa isiyo na marashi.

Kesho yake gazeti la serikali lilikuwa na picha ile ukurasa wa mbele, kubwa, juu kabisa. Mimi nilikatwa, nikabaki kiwiko. Kichwa cha habari kilisema "NDUGU WAMEPATANA." Chini yake hapakuwa na neno moja juu ya mfungwa, ila kwamba wazee wa mapinduzi walikumbushana ya zamani na kwamba Balozi alipongeza amani iliyopo.

Fundi wa duka la betri, mtu aliyetupa umeme wake bure tangu tuanze, alinisimamisha chini ya ngazi. "Hongereni," akaniambia. "Kwa hiyo Balozi anarudishiwa nyumba ile ile au mpya?"

"Hakuna nyumba."

"Basi kakubali bei rahisi." Akaingia ndani. Mchana waya wake ulikuwa umechomolewa.

Mjomba alipoiona picha alisema itabidi tuwaandikie masahihisho. Tukaandika, mchana kutwa, kwenye kompyuta ya jirani. Alianza na "Kwa heshima kubwa". Alibadilisha "uongo" ikawa "upungufu wa usahihi". Nilichapa kila alichosema huku nikijiuliza ni lini mtu huyu alizoea hivi, na kama kuna mahali mwilini mwake ambapo bado anaweza kuchukia kitu bila kukisalimia kwanza. Gazeti halikuchapa chochote, na yeye hakushangaa. Alisema muhimu ni kwamba imeandikwa.

Alhamisi tulikwenda getini watatu, Mama na shati lake, Mjomba na suti, mimi na hasira. Askari wa dirishani alikuwa mchangamfu siku hiyo. "Karibuni," akasema. "Lakini hamna haja ya kusimama juani. Mtamwona jioni kwenye televisheni."

Tulimwona. Alikuwa amevalishwa shati jipya lenye mistari ya mikunjo ya dukani. Alikonda, jicho moja lilikuwa dogo kuliko jingine, na alisoma kwa sauti ya kawaida kabisa. Alisema alidanganywa na wazee wanaotafuta vyeo. Akawataja wale vijana wanne kwa majina, na majina ya baba zao, na nyumba wanazokaa. Mama alizima televisheni kabla hajamaliza, halafu akaiwasha tena kwa sababu alitaka kumtazama mtoto wake. Kabla ya kuiwasha tulikuwa tayari tunasikia magari ya polisi yakiingia mtaani.

Jumamosi walimshusha mdogo wangu kwenye kona, wakamwachia na lile shati. Alitembea mpaka nyumbani katikati ya barabara, na majirani wakaingiza watoto ndani. Mama alimwogesha kama mtoto mdogo. Nyayo za miguu yake sitazieleza. Alipoona spika zake hazipo hakuuliza.

Siku hizo Mama hakutoka nje. Mama za wale vijana walikuwa wanapita mbele ya mlango wetu asubuhi kwenda getini, kila mmoja na nguo yake safi mkononi, wala hawakutusalimia. Ningekuwa wao, nami nisingetusalimia.

Mjomba alikuwa bado anakaa chumba chake cha uani, lakini kwa heshima hakuingia ndani mpaka alipoitwa. Spika ndiye aliyesema aitwe. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, nasi tukaketi. Mjomba alimuuliza hali, akamwambia pole, akasema chama hakimlaumu. Alisema hata majeshi makubwa husalimu amri. Alizungumza vizuri sana. Mdogo wangu alimwacha amalize.

"Mjomba," akasema, "mimi sikutaja. Nataka ujue. Siku zote zile walizonifanyia wanavyojua, sikutaja. Wale nimewabembeleza mimi wanibebee. Nilisema nikifa, nimekufa."

"Najua, mwanangu."

"Hujui. Siku moja hawakunipiga. Wakanipa kiti, wakanipa na maji, wakaniwekea gazeti mbele. Wakasema soma pole pole, hatuna haraka. Mimi nikajua ni ujanja wao, wamebandika kichwa chako kwenye mwili wa mtu. Nikaiangalia sana ile picha. Nikatafuta uso wako ule wa kuigiza, maana naujua, unautumia hata kwa Mama ukiwa umechelewa kurudi. Sikuuona. Ulikuwa unacheka kwelikweli."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Mjomba anatafuta sentensi. Alipoipata ilikuwa hii: "Ile picha ilipigwa kabla ya mazungumzo. Tulikuwa bado hatujaanza kukuzungumzia. Ni utaratibu, mwanangu."

"Mimi nilidhani mmemaliza," mdogo wangu akasema. "Nikaona basi, kumbe imekwisha, nimebaki peke yangu. Ndiyo nikawataja."

Mama alijifunika uso na kanga. Mimi nilikuwa namtazama Mjomba, na kinyaa nilichokiona kilikuwa tofauti na vyote vya nyuma, kwa sababu safari hii kilikuwa usoni mwake yeye, anajinusa mwenyewe. Alisema kwa sauti ndogo kwamba atafanya lolote, kwamba Spika amwambie tu afanye nini.

Mdogo wangu alivuta miguu yake ile kwa mikono akaipanga sawa juu ya mkeka.

"Kesho asubuhi watapita hapa mama zao," akasema. "Toka uwasimamishe. Waambie kama ulivyoniambia mimi. Waambie ni utaratibu."